Huyu MC wa jana uwanja wa Tangamano, hapa Tanga, nani alimpa maiki? Yaani "Bibi amechoka"?!

Wakuu, sijalala. Nimerudi nyumbani, nimevua kanzu, nimelala chali naangalia dari mpaka adhana ya alfajiri, na kichwani linagonga neno lile lile: "Bibi amechoka."

Jina simtaji. Sina haja. Kila aliyewahi kula pilau la harusi kuanzia Chumbageni mpaka Mikanjuni anamjua. Yule mwenye suti inayomeremeta, ambaye kabla hajaongea lazima aipulize maiki kama anapoza uji, kisha "halo halo" mpaka watoto wachanga wanaamka. Huyo huyo. Siku si nyingi mtamkuta makaburini anauliza upande wa marehemu mko wapi, pigeni kelele!

Sasa jana. Wikiendi ya sanaa na muziki, masika haya haya. Ijumaa ngoma, Jumamosi taarabu, Jumapili vijana wafanye mambo yao. Mvua ikatuhurumia, wingu likapita kwenda zake baharini. Bibi wetu wa taarabu akapandishwa jukwaani. Na Bibi mnamjua, sisi watoto wa Ngamiani hatuelezwi taarabu. Mji huu ndio wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ndio ulioitia taarabu gitaa la umeme na besi wakati wengine wakiona dhambi kuacha fidla na kanuni. Mwimbaji Shakila katoka Pangani hapo, kaimbia Tanga kabla Dar haijamchukua. Kwa hiyo mtu akikusimamishia bibi wa namna hiyo, unakaa kimya unasikiliza.

Akaanza taratibu. Gitaa likaingia, besi ikafuata, uwanja ukatulia, hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake.

Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ndio wangu. Wenye taarabu yao wanajua, mtu hanyanyuki kumtunza mwimbaji pesa ovyo. Unasubiri maneno yanayokusemea. Kuna mtu alikaa safu ya pili upande wa kina mama, anajijua, kanisema mtaa mzima tangu kabla ya Ramadhani, na mstari wa mwisho wa ubeti ule utadhani mtunzi alikuwa anachungulia dirishani kwangu. Nikanyanyuka. Kanzu ina pasi inayokata, kofia ya viua, elfu kumi mkononi, mkono juu. Natembea na mahadhi, nusu hatua, nusu hatua, jicho kwa yule wa safu ya pili. Nikafika mbele ya jukwaa. Bibi kaniona. Kanyoosha shingo, kavuta pumzi, anataka kuangusha kituo, ule mstari wa mwisho...

"MWENYE IST NYEUPE ALIYEZIBA JENERETA AJE AITOE HARAKA!"

Maiki imepokonywa mkononi mwa Bibi. Haikuombwa, imepokonywa! Na mji huu nani hana gari la IST nyeupe? Nusu ya uwanja wakasimama kupapasa funguo. Bibi mdomo wazi, pumzi imejaa, kituo kimebaki kooni. Halafu kile kiumbe kikamshika bega kikasema: "Bibi amechoka, makofi kwa Bibi!"

Amechoka na nini? Mtu alikuwa katikati ya pumzi! Mtu anayevuta pumzi ndefu vile angeweza kuogelea mpaka Pemba na kurudi!

DJ akachomeka flashi. Singeli. Wakuu, singeli juu ya besi ambayo hata haijamaliza kulia. Na mimi je? Mimi bado nimesimama palepale, mkono hewani, elfu kumi inapepea. Nimtunze nani? Jenereta? Nikabaki hivyo watu wakidhani nacheza. Ndipo yule bwana akanigeukia, kwenye spika zote, hadi wavuvi kule baharini wamesikia: "Mzee wa kanzu, kaa chini, unaziba kamera."

Mzee wa kanzu. Unaziba kamera. Mbele ya safu ya pili!

Mambo ya choo, viti na kiingilio wengine watasema, mimi sina muda nayo. Nauliza kitu kimoja, ule mstari uko wapi? Mnajua shairi lililokatwa kabla ya kituo linamfanya nini mtu? Nimejaribu kuumalizia mwenyewe chumbani, haukubali, kila nikifika pale nasikia "mwenye IST nyeupe". Na Bibi hakuwa amechoka! Nani kakwambia amechoka?

Nawasilisha kwa hasira.

Nazi Kavu: Ngoja waje wenye IST.

Mgosi wa Makorora: Mkuu pole. Ila tuanzie kwenye msingi, ile elfu kumi iliishia wapi?

Mleta uzi: Hoja si elfu kumi. Hoja ni "Bibi amechoka".

Mgosi wa Makorora: Kwa hiyo umerudi nayo nyumbani. Sawa. Bibi kakosa kituo, kakosa na tuzo, halafu mwenye uchungu ni wewe.

Mleta uzi: Nimempelekea asubuhi hii kwa mkono wangu! Ila si raha ile, mtu unatunza mlangoni kama unalipa maji.

Chumvi ya Sahare: Mimi nilikaa nyuma yako mgosi wangu. Tusifichane, ulikuwa unaziba. Ile kofia na ule mkono, nilikuwa namsikia Bibi tu, kumwona simwoni.

Pweza Mkavu: Picha ipo tayari. Kundi la mtaa wetu wameifanya stika, imeandikwa MKONO HEWANI. Mtu akichelewa kulipa mchango anarushiwa hiyo.

Mleta uzi: Naomba ifutwe. Mimi ni mtu na heshima zangu.

Pweza Mkavu: Amechoka huyu, makofi kwake!

Mtandio wa Bluu: Asalaam aleikum. Mimi ndiye huyo wa safu ya pili. Kwanza nilikaa safu ya tatu, kaka yangu, kwa hiyo sijui ulikuwa unamkodolea nani. Mwenye safu ya pili ni mke wa imamu, hebu fikiria mwenyewe. Pili, ubeti wa tatu mimi nilijua unakuhusu wewe. Elfu tano yangu ilikuwa pindoni mwa mtandio, nakusubiri ukae ili ubeti wa nne nami ninyanyuke nikujibu. Tumenyimwa wote.

Nazi Kavu: 😂😂😂 MKE WA IMAMU

Mleta uzi: Bi dada, taa zilikuwa hafifu. Waandaaji hawakuweka taa za kutosha upande wenu, na hilo nalo ni la yule yule MC.

Mtandio wa Bluu: Taa zilikuwepo. Njoo tumalizane barazani, mchana, watu waone.

Kamba Mti: Jamani mnamwonea. Mimi jamaa kasherehesha harusi ya dada yangu, bwana harusi alichelewa anatokea Lushoto, akatushikilia watu kwa vichekesho mpaka gari likaingia. Na IST kweli ilikuwa imeziba. Jenereta likizimika Bibi angeimba na nani?

Mleta uzi: Angeimba bila maiki! Kina Siti binti Saad walianza na jenereta? Haya, IST nakusamehe. "Amechoka" kalitoa wapi?

Rangi ya Mafuta: Nyie mnalilia mstari mmoja. Sisi wachoraji tulipewa turubai la pembeni, lina matundu, na ile mvua ya Ijumaa mnayosema ilipita baharini, ilipitia kwetu kwanza. Nilitundika picha za rangi ya maji. Leo ndio nimeelewa kwa nini mzee Tingatinga alichora kwenye mbao kwa rangi za kung'aa za baiskeli, yule alijua turubai za nchi hii. Picha yangu ya majahazi imechuruzika yote, imebaki bluu tupu. Mgeni mmoja akaisimamia muda mrefu akasema ina hisia, anauliza bei.

Chumvi ya Sahare: Ukamuuzia?

Rangi ya Mafuta: Nikamuuzia. Ila nimeumia.

Goma la Ijumaa: Afadhali wewe umeuza. Kikundi chetu tumecheza ngoma kwenye tope mpaka magotini, malipo soda moja moja na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Hiyo picha yenyewe hatujatumiwa. Soda yangu ilikuwa ya moto.

Pwani Tupu: Ndiyo maana nawaambia kila mwaka, mambo ya sanaa waachieni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, watu wanasomea ngoma, maigizo, hadi mitambo ya sauti. Kwetu maiki haishikwi na kila mwenye suti.

Mgosi wa Makorora: Bagamoyo vyeti mnavyo, tunakubali. Ila huku ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, Vibambani, 1909. Muuza nazi wetu anajua vina na mizani. Nyie mna darasa, sisi tuna damu.

Pwani Tupu: Damu ndiyo imemkata Bibi katikati ya ubeti?

Kamba Mti: 😂 Amekupata.

Mgosi wa Makorora: Yule MC si wa hapa. Kaja na basi huyo. Waja leo waondoka leo, yeye kasahau kuondoka.

Goma la Ijumaa: Wewe wa Bagamoyo ulikuja kweli au unaongea kutoka kitandani?

Pwani Tupu: Ningekuja vipi? Huku jirani kabisa kwa pwani, lakini mpaka nikazunguke Msata, Segera, Muheza, nafika mgongo umekufa. Barabara ya Pangani na Saadani ikiisha mtatuona kila wikiendi.

Nazi Kavu: Hiyo barabara tumeambiwa "karibuni" tangu niko sekondari.

Chumvi ya Sahare: Vipande vingine vina lami sasa hivi. Mimi juzi nimeenda Pangani kwa bodaboda, safi tu. Shida vumbi likigeuka tope.

Mleta uzi: Wakuu tusitoke nje ya mada. BIBI HAKUCHOKA.

Pweza Mkavu: Mkono Hewani tulia, watu wanaongea maendeleo.

Kamba Mti: Huko Pangani samaki bei gani? Maana soko la samaki la Deep Sea leo asubuhi ngisi nimeulizia nimeondoka bila kuaga.

Mtandio wa Bluu: Ngisi unafuata saa ngapi? Ukienda saa tatu unakuta wachuuzi wameshapanga bei. Nenda alfajiri.

Goma la Ijumaa: Masika ngisi hana bei ya kueleweka, chukua dagaa.

Kamba Mti: Dagaa sili.