Je, ni haki kumvisha simbamarara wa porini mkanda wa redio?

Swali, kutoka kwa Mwanafunzi wa Uhifadhi:

Ndugu zangu, chuoni tunajadili utafiti wa simbamarara wa India. Ili avishwe shingoni mkanda wa redio, yaani mkanda unaotoa mawimbi ya kuonyesha alipo, mnyama hudungwa sindano ya usingizi kwa bunduki, hupimwa na kutolewa damu akiwa amelala, kisha huamka akiwa na kitu asichoweza kukivua. Kwa dume ambaye bado anakua, mkanda uliomkaa vizuri mwaka huu unaweza kumkaba mwaka ujao. Wenzangu wanasema elimu inayopatikana inatosha kuhalalisha hayo yote. Mimi sijaridhika, kwa sababu anayeumia si yule anayepata shahada. Tunapata wapi haki hiyo?

Jibu la Mzee wa Doria:

Mwanangu, umeuliza jambo zito, nami nitalijibu kwa habari za hifadhi ya Panna, jimboni Madhya Pradesh. Mtafiti Raghu Chundawat alianza kuwafuatilia simbamarara wa huko katika miaka ya 1990 kwa mikanda ya redio, na kwa kuwa aliwajua mmoja mmoja pamoja na maeneo yao, aliona mapema kwamba wanatoweka, akapiga mbiu. Wasimamizi walishikilia kwamba wanyama wapo. Kufikia mwaka 2009 hakuwepo hata mmoja.

Mwaka huohuo wakaletwa wengine kutoka hifadhi jirani. Dume aliyetoka Pench aliachiliwa mwezi Novemba, lakini baada ya muda mfupi akashika njia ya kusini kuelekea kwao, akipita kando ya vijiji, huku askari wakimfuata kwa tembo na vipokea mawimbi hadi walipofanikiwa kumlaza tena mwezi Desemba na kumrudisha Panna. Safari hiyo walinyunyiza mkojo wa jike msituni ili apate sababu ya kukaa, naye akakaa, na Aprili 2010 wakazaliwa watoto wa kwanza. Bila mkanda, nani angejua yuko wapi kabla hajanasa kwenye mtego wa waya? Kwa maoni yangu, dhambi kubwa ni kumvisha mnyama mkanda kisha kupuuza unachoambiwa nao.

Jibu la Mama Msitu:

Shikamoo Mzee. Habari za Panna ni za kweli, ila hazikuishia hapo. Mwaka 2013 mtu asiyejulikana alijaribu kuingia katika barua pepe ya mtafiti mwingine iliyokuwa ikipokea taarifa za mahali alipo simbamarara mmoja wa ukoo huohuo, aliyeitwa Panna-211. Jaribio hilo lilizuiwa, lakini lilituonyesha kwamba mkanda unaomwongoza askari unaweza pia kumwongoza jangili.

Isitoshe, kama shida ni kuhesabu, hakuna haja ya kumgusa mnyama. Milia ya kila simbamarara ni yake peke yake, na tangu mtafiti Ullas Karanth alipoonyesha njia hiyo kule Nagarahole, hifadhi iliyo kusini mwa India, kamera zinazotegwa kando ya mapito zimekuwa zikiwatambua bila sindano. Makadirio ya India ya mwaka 2022, yaani simbamarara 3,682, yametegemea sana picha hizo.

Jibu la Mfuata Nyayo:

Kuhusu kuhesabu, nakubaliana na Mama kabisa. Lakini kamera humwonyesha mnyama anapopita mbele yake tu; akiacha kupita, haikwambii kama amehama au ameuawa. Katika milima ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, jike aliyeitwa Olga alifuatiliwa kwa redio tangu mwaka 1992 hadi mawimbi yake yalipokatika mwaka 2005, na watafiti wakahitimisha kwamba aliuawa na majangili. Ufuatiliaji wa Olga na wenzake ndio uliodhihirisha kwamba wengi wao walikufa kwa mikono ya binadamu, na kwamba majike walioishi karibu na barabara walikuwa hatarini zaidi, jambo lililowapa wahifadhi hoja ya kudai barabara za kusafirishia magogo zifungwe.

Kwa hiyo, Mwanafunzi, kwenye mjadala wenu msiishie kuuliza kama mkanda unamsumbua mnyama, maana bila shaka unamsumbua. Waulizeni wanaotaka kumvisha: ni swali gani ambalo picha zimeshindwa kulijibu, nani anaruhusiwa kuona mahali alipo mnyama, nani atatoka usiku mawimbi yakisimama mahali pamoja muda mrefu, na mkanda utavuliwa vipi betri ikiisha? Mradi usio na majibu hayo kabla ya sindano ya kwanza, mimi nisingeupa kibali.