Benchi la nje limebanduka vanishi, mguu umelainika

MamaBustani
Wakuu, habari zenu. Nina benchi la mtiki alilonichongea marehemu baba, linakaa nje mwaka mzima. Nililipaka vanishi ya kung'aa, sasa inabanduka kama magamba ya samaki na chini yake kuna madoa meusi. Mguu mmoja nikiubonyeza kwa ukucha, unazama. Nipake vanishi nyingine juu? Sitaki kulipoteza.

FundiMbao
Pole sana dada. Usipake kitu kwanza. Mbao ikilowa huvimba, ikikauka hunywea. Vanishi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka, maji yanaingia na kunasa humo ndani. Kwangua yote, kisha piga msasa namba 80, umalizie na 120, ukifuata nyuzi za mbao. Stiliwaya ya kusugulia sufuria usiiguse kabisa, chembe zake hushika kutu na kuleta madoa mapya.

Mguu ndio unaonitia wasiwasi. Pale chini mbao ilipokatwa, vinyweleo viko wazi na vinafyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta. Lipindue benchi likauke kivulini. Kata palipooza hadi ufikie mbao ngumu, uunge kipande cha mtiki kwa gundi isiyoogopa maji. Ncha za miguu yote zinyweshe mafuta ya kitani mpaka zikatae, kisha ziweke juu ya matofali.

Kivulini
Mimi langu la mtiki silipaki chochote. Jua limeligeuza kijivu, naliosha tu kwa brashi laini. Bado gumu.

FundiMbao
Kwa mtiki sawa kabisa, una mafuta yake ya asili. Msonobari usiuache hivyo.

MamaBustani
Asanteni. Hayo mafuta nayapakaje? Na mvua ikija nifunike turubai?

FundiMbao
Paka kiasi kidogo, subiri kama dakika 20, futa yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Turubai lisibane, hewa ipite chini. Na tafadhali dada, matambaa ya mafuta yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe. Mimi niliwahi kukuta ndoo yangu inafuka moshi.

MamaBustani
Nimelipindua leo. Chini ya kikalio kumbe kuna vipimo vya baba, kwa penseli. Hapo sipigi msasa.