Wachezaji walewale, kocha mpya: nini hasa kilibadilika Cleveland 2024-25?

KitiChaNyuma aliuliza:

Wakuu, hili swali limenikaa kichwani muda mrefu na kurudia mechi hakujanisaidia.

Cleveland Cavaliers, timu ya kikapu ya NBA, msimu wa 2023-24 walishinda mechi 48, wakatolewa na Boston raundi ya pili ya mtoano, kocha J.B. Bickerstaff akaondolewa. Akaja Kenny Atkinson. Kiangazi kizima nilisubiri usajili mkubwa, haukuja. Nguzo nne zilibaki zilezile: Garland na Mitchell wa kuchezesha mpira, Mobley na Allen wale warefu, na wa tano wa kubadilishana. Mara wakaanza msimu kwa kushinda 15 mfululizo, wakamaliza na ushindi 64. Wastani wa pointi ulipanda kutoka 112.6 hadi 121.9 kwa mechi, wa kwanza katika ligi nzima.

Kinachonichanganya ni Donovan Mitchell. Huyu ndiye mfungaji wao mkuu, na wastani wake ulishuka kutoka pointi 26.6 hadi 24.0. Akapunguziwa kama dakika nne kila mechi. Yaani mwenye mkono mzuri anapunguziwa chakula na nyumba nzima inashiba zaidi?

Wachambuzi wanasema mfumo, mfumo, mfumo. Hakuna anayenyoosha kidole kunionyesha uko wapi. Mimi nikitazama naona mpira tu: mtu karusha, umeingia, tunarudi. Naomba anayejua anieleze kama anamweleza mtu aliyewahi kucheza kidogo na alikuwa hapewi pasi.

---

DaftariLaBenchi alijibu:

Mkuu, hayo maneno yako ya mwisho ndiyo jibu. Mtazame yule asiyepewa pasi.

Nieleze kwanza jina langu limetoka wapi. Nilicheza timu ya daraja la chini, goti likanigomea, nikakaa benchi karibu miaka mitatu. Alipokuja kocha mpya alinipa daftari na kalamu nihesabu pasi. Niliona ni kazi ya kunipa moyo tu, kama mtoto anayepewa ufagio ili asisumbue wapishi. Wiki ya tatu nikagundua kwamba idadi ya pasi si kitu kikubwa. Nikaanza kuandika sekunde: mpira umekaa mikononi mwa mtu mmoja kwa muda gani kabla ya kuondoka. Nahodha wetu alikuwa anakaa nao sekunde sita, saba, anadunda, anadunda, anamtazama mlinzi kama wanafahamiana. Wenzake wanne wamesimama, mikono magotini. Na walinzi wanne wamesimama nao, wanapumzika. Hapo ndipo tulipokuwa tunafungiwa.

Golden State Warriors, timu nyingine ya NBA, walikuwa na ugonjwa huo huo, tena wakiwa na warushaji hodari Curry na Thompson. Msimu wa 2013-14 walishinda mechi 51, si timu mbaya, lakini kwa idadi ya pasi walikuwa wa mwisho katika ligi. Kocha Steve Kerr alipoingia 2014 akaweka lengo la pasi 300 kwa mechi. Mwanzoni mipira ikapotea ovyo, kwa sababu mtu aliyezoea kushika mpira na kufikiri sasa anatakiwa awe ameshafikiri kabla haujamfikia. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi 67 na ubingwa.

Ila angalia ni nani aliyebadilishiwa maisha pale. Curry aliendelea kuwa Curry. Andrew Bogut, senta, alipewa mpira karibu na mstari wa mitupo huru ili wengine wakate kumzunguka, na yeye ndiye akawa mgawaji. Andre Iguodala, ambaye tangu aingie ligi mwaka 2004 alikuwa ameanza kila mechi aliyocheza ya msimu wa kawaida, akapelekwa benchi. Na Draymond Green aliingia kikosi cha kwanza kwa sababu David Lee aliumia msuli wa paja. Kwa hiyo sehemu ya mfumo ule maarufu ililetwa na daktari. Hilo huwa halisemwi sana.

Sasa njoo Cleveland. Atkinson si mtu aliyeokotwa. Alikuwa msaidizi wa Mike D'Antoni pale New York Knicks, akawa msaidizi wa Mike Budenholzer Atlanta, kisha wa Kerr hapo hapo Golden State. Kwa D'Antoni ni mbio, kwa Budenholzer ni kuachiana nafasi uwanjani, kwa Kerr ni kukata bila mpira. Ukiitazama Cleveland ya msimu ule unawaona wote watatu wamekaa meza moja.

Anza na rebaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kuingia. Zamani Allen au Mobley akidaka, anageuka kumtafuta Garland au Mitchell, anamkabidhi mkononi kama mtu anayerudisha funguo za watu. Huyo naye anatembea nao hadi ng'ambo, anasubiri skrini, yaani mwenzake asimame kumzibia mlinzi njia. Wakati huo walinzi watano wameshapanga viti na saa ya sekunde 24 imeliwa robo. Chini ya Atkinson, Mobley akidaka mara nyingi anaondoka nao mwenyewe. Mtu mrefu namna ile anapokuja mbio na mpira, anayerudi kuzuia anakuta si mtu wake, na hajui amwachie nani. Zile sekunde tatu nne za kutoelewana ndizo zilizokuwa zinageuka pointi. Watu walidhani wanakimbia ili wachoshe wapinzani. Walikuwa wanakimbia ili wafike kabla wapinzani hawajaelewana.

Halafu kuna swali la warefu wawili. Kila mtu alikuwa anasema Allen na Mobley hawawezi kukaa pamoja, wanabanana chini ya kikapu. Kwa kweli walikuwa wanabanana. Atkinson hakumuuza yeyote. Alifanya mambo mawili ya kawaida sana: aliwatenganisha kwa dakika, ili sehemu kubwa ya mechi awepo mmoja peke yake, na walipokuwa pamoja mmoja akapandishwa juu au kona, mwingine akabaki pembeni ya pete kwenye mstari wa mwisho. Wakati mwingine alipindua kila kitu: Mobley ndiye mwenye mpira, na Garland, mfupi kuliko wote, ndiye anayemwekea skrini. Mlinzi wa Garland hajazoea kukutana na mtu wa aina hiyo anayekuja kasi. Ni kama kumwambia fundi cherehani akamate nyundo.

Kwa Atkinson hii ya kumtoa mrefu chini ya kikapu ilianza zamani. Brook Lopez, senta mrefu, katika misimu yake minane ya kwanza alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Mitatu, miaka minane! Msimu wa 2016-17 Atkinson akawa kocha wake Brooklyn, akafunga 134. Mkono ulikuwa uleule, ila safari hii alikuwa ameambiwa asimame wapi na akaruhusiwa kukosa. Alipofika Milwaukee kwa Budenholzer 2018-19 akafunga 187, na Bucks wakapanda kutoka ushindi 44 hadi 60. Budenholzer alifikia hatua ya kubandika visanduku vya utepe kwenye sakafu ya mazoezi kuzunguka mstari wa pointi tatu ili kila mtu ajue nyumba yake. Mbele ya visanduku vile Giannis, nyota wa Bucks, alikuta barabara tupu.

Kuhusu Mitchell sasa. Dakika nne alizopunguziwa zilikwenda kwa watu wa benchi wanaoingia kwa vipindi vifupi vya kasi, Ty Jerome wa kwanza wao. Na pointi mbili na ushee alizopoteza ziligawanywa: Garland alipanda kutoka 18.0 hadi 20.6, Mobley kutoka 15.7 hadi 18.5. Ukijumlisha hao wawili tu, deni limelipwa na chenji imebaki.

Nikupe zoezi nililompa mdogo wangu. Fungua mechi, chagua mchezaji mmoja asiye na mpira, weka kidole chako juu yake kwenye skrini ya simu, umfuate kwa mashambulizi kumi. Usiutazame mpira hata wakishangilia. Utaumia shambulio la kwanza na la pili. Kufikia la sita utaanza kuona.

---

MtoanoNdioKipimo alijibu:

Daftari, umeandika vizuri kiasi kwamba nilitaka kukubali. Lakini umeruka kitu.

Desemba 2023 Garland alivunjika taya na Mobley akafanyiwa upasuaji wa goti, karibu kwa wakati mmoja. Wote wawili wakakosa wiki nyingi. Ile timu ya ushindi 48 unayoilinganisha na ya 64 ilikuwa nusu hospitali. Wakirudi wazima, hata mimi ningeweza kuwaongoza hadi 55. Sitanii sana.

Halafu hii hadithi ya kocha na mfumo ina upande ambao wapenzi wa mifumo hawausimulii. D'Antoni alichukua Phoenix Suns Desemba 2003, na msimu ule Suns walimaliza na ushindi 29. Kocha yuleyule, kichwa kilekile. Msimu uliofuata ushindi 62. Nini kiliingia katikati? Steve Nash. Akachukua tuzo ya mchezaji bora mara mbili mfululizo. Na upande wa pili, New York Knicks walileta pembetatu ileile, mfumo wa kushambulia uliompa kocha Phil Jackson mataji 11, Jackson mwenyewe akiwa rais wa timu na Derek Fisher kocha. Ushindi 37 ukawa 17. Mchoro uleule ubaoni, mikono mingine.

Na mwisho, jina langu. Msimu wa kawaida unakutana na mpinzani leo, kesho yuko mji mwingine. Kwenye mtoano mpinzani mmoja anakusoma hadi mara saba. Suns 2005 walipigwa 4-1 na San Antonio. Bucks 2019 waliongoza 2-0, Toronto wakajenga ukuta mbele ya Giannis, zikaisha 4-2. Cleveland 2025 wakatolewa na Indiana 4-1. Mnaona mfuatano?

---

KonaTupu alijibu:

Mimi naongeza moja tu, halafu nirudi kusoma. Msimu huohuo wa 2024-25 Memphis Grizzlies walileta kocha msaidizi mwenye mfumo wake, wakapunguza mno skrini kwa mwenye mpira, watu wanakatakata na kupishana. Kwa pointi walikuwa wa pili katika ligi. Lakini nyota wao Ja Morant ni mtu aliyejijengea jina kwa kupokea skrini na kupaa. Mwishoni mwa Machi kocha mkuu Taylor Jenkins akaondolewa, na msaidizi wa mfumo akaenda naye. Kwa hiyo mfumo unaweza kufunga magoli na bado ukafukuzwa. (Najua, si magoli. Nilianzia mpira wa miguu, mnisamehe.)

Mitchell alikubali kupunguziwa. Hilo nalo ni nusu ya kazi ya Atkinson na halionekani kwenye video yoyote.

---

DaftariLaBenchi alijibu:

KonaTupu, hilo la Mitchell ningelitia mstari kwa wino mwekundu. Nahodha wetu mimi hakukubali. Alikuwa anapokea pasi, anatabasamu, anaanza kudunda upya. Kocha akaondoka, yeye akabaki.

Mtoano, la majeruhi nakubali, nililiruka na nililijua. Lakini majeruhi hawaelezi kwa nini Mobley alikuwa anabeba mpira. Mtu akipona goti anarudi kufanya alichokuwa anafanya. Huyu alirudi kufanya kitu kingine. Na ukitaja Indiana, taja pia kwamba Garland, Mobley na mwenzao De'Andre Hunter wote walikosa mechi kwenye mfululizo ule. Huwezi kutumia hospitali upande mmoja tu wa mizani.

Phoenix nakupa bila ubishi. Nash alikuwa mfumo wenyewe umevaa jezi.

Ila pembetatu ya Knicks, tazama ilipofanikiwa ilichukua muda gani. Jackson alipewa Chicago Bulls 1989, Michael Jordan akiwa ametoka kufunga wastani wa 32.5. Mwaka wa kwanza wakatolewa na Detroit katika mechi saba. Mwaka wa pili Jordan akafunga 31.5, wakawa mabingwa, na ile mechi ya mwisho dhidi ya Lakers aliyewamaliza dakika za mwisho alikuwa John Paxson, mtu mmoja mpole anayesimama pembeni akisubiri. Jordan alikuwa anavuta watu wawili, anaachia, Paxson anarusha. Alimaliza na pointi 20. KitiChaNyuma, huyo ndiye mchezaji wako asiyepewa pasi, siku alipopewa.

---

KitiChaNyuma alijibu:

Nimefanya zoezi la kidole. Nilichagua ile ya Boston ya tarehe 19 Novemba 2024, siku mfululizo wa 15 ulipokatika, nikasema nisidanganywe na ushindi. Kidole juu ya Jarrett Allen.

Mashambulizi matatu ya kwanza nilichukia. Nasikia uwanja unalipuka, mimi namtazama mtu anayerudi nyuma. Halafu nikaanza kuona anachofanya: anaweka skrini, anageuka anakimbilia pete mikono juu, hapewi. Anatoka, anaweka nyingine, anakimbilia tena, hapewi. Lakini kila akikimbia, yule mlinzi wa kona anaingia hatua mbili kumziba. Nikaondoa kidole nione kona, kuna mtu amesimama peke yake na mpira unamfikia. Nilikuwa nimeitazama mechi hiyo mara mbili kabla na nilikumbuka mrushaji tu.

Mtoano, bado nadhani una hoja na majeruhi. Daftari, goti lako pole.

Kesho ni zamu ya Mobley. Kwa mfululizo wa Indiana nitaanza na mechi ya tatu, ile waliyoshinda 126 kwa 104. Zile nyingine nne sina moyo nazo bado.