Simu ikiwekwa sikioni mtandao unakata: ni mkono, kava au antena?

mdau_kigamboni
Wakuu, habari za kazi. Simu ni mtumba kutoka nje, mgongo wa kioo, fremu ya chuma, laini mbili. Mezani inashika vijiti vitatu vya 4G. Ikishawekwa sikioni kinabaki kimoja, inashuka 3G, na wa upande wa pili anaanza "haloo, haloo, hukamatiki" wakati yeye anasikika vizuri tu. Betri ilibadilishwa mwezi uliopita. Laini hiyo hiyo kwenye kitochi haisumbui hata kidogo.

Yaliyokwisha kufanyika: kuzima na kuwasha, kurudisha mipangilio ya mtandao mwanzo, kubadilishana nafasi za laini. Simu ya laki sita kushindwa na kitochi ya elfu thelathini kwa kweli inakera. Ni ubovu, au simu za sasa ndivyo zinavyoundwa?

fundi_bodi
Vijiti viweke pembeni kwanza. Kila kampuni inajipangia kijiti kimoja kina thamani gani, kwa hiyo vitatu vya simu hii si vitatu vya ile. Soma dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwenye Android nyingi ingia Mipangilio, Kuhusu simu, halafu hali ya laini. Nyingine zinakubali *#*#4636#*#*, Samsung *#0011#, na iPhone ni *3001#12345#* kisha bonyeza kupiga.

Namba ni hasi: ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Kwa 4G angalia RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia simu. -85 ni safi, -100 inavumilika, -110 unaanza kuhangaika, -120 sahau. Ukipoteza dB 3 nguvu imebaki nusu. Ukipoteza 10 imebaki sehemu moja ya kumi, na 20 ni sehemu moja ya mia.

Kaa sehemu moja, kava limevuliwa, simu mezani. Subiri sekunde 15 kila mara, soma mara tano, chukua ya katikati. Kisha:
- funika pembe za chini kwa kiganja, soma
- achia, funika sehemu ya juu, soma
- rudia ya mezani na kava

Pata na simu nyingine ya 4G yenye laini ya mtandao huo huo, isome hapo hapo. Ukiweza hakikisha zote mbili ziko bendi moja (kundi moja la masafa), la sivyo unalinganisha embe na chungwa. Tuletee namba.

mawimbi_900
Kuhusu kitochi kushinda, hiyo si ajabu. Kitochi cha 2G kwenye masafa ya 900 kinatuma kwa mipigo, na kila mpigo unaweza kufika wati 2. Simu ya 4G kwa kawaida mwisho wake ni wati 0.2. Mnara wenyewe unatuma makumi ya wati. Ndiyo maana mara nyingi simu inausikia mnara lakini mnara hauisikii simu, na huyo wa upande wa pili anabaki na haloo zake.

Kuna na suala la bendi. Huku kwetu 4G ipo kwenye masafa kadhaa, mfano 1800 (bendi 3) na 800 (bendi 20). Ya 800 ndiyo inayopenya kuta na kwenda mbali. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao mmoja wa Marekani inaweza kukosa bendi 20, ikawa nzuri barabarani na bubu ndani ya nyumba. Namba kamili ya modeli iko kwenye mipangilio. Itafute hiyo pamoja na orodha ya bendi zake, usitafute jina la biashara, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na modeli nne zenye bendi tofauti.

kiganja_kushoto
Mimi nasema lawama iwafikie wabunifu pia. iPhone 4 ilipotoka Juni 2010, fremu ya chuma ndiyo ilikuwa antena, na ufa mweusi uliotenganisha antena mbili uliwekwa pembe ya chini kushoto, pale pale kiganja kinapokaa. Vipimo vya tovuti ya AnandTech vilionyesha simu ikibanwa sana inapoteza dB 24 hivi, na ikishikwa kawaida karibu 20. Jibu la kwanza la Apple lilikuwa wateja waepuke kuifunika pembe hiyo, au watumie kava! Tarehe 2 Julai wakakiri kwamba hesabu yao ya vijiti ilikuwa na kosa, mara nyingi ilionyesha viwili zaidi ya inavyostahili. Tarehe 16 wakatangaza kava za bure. Mtu amenunua simu kwa sababu ya umbo lake, halafu dawa yake ni kulifunika umbo.

mawimbi_900
@kiganja_kushoto ile ya 2010 haina utetezi. Ila antena kuu kukaa chini kuna sababu: ikiwa juu iko jirani na ubongo, na kuna kikomo cha mionzi kichwani, Marekani ni wati 1.6 kwa kilo. Wakaishusha chini, ikakutana na kiganja. Ya juu ipo pia, lakini simu nyingi huitumia zaidi kupokea.

mdau_kigamboni
Namba hizi hapa, wote bendi 3, bila kava:
mezani -98
chini imefunikwa -99
juu imefunikwa -117
simu ya jirani, mezani -86
Kava linapunguza 1 tu.

fundi_bodi
Asante mkuu, hapo umemaliza kazi. Ukifunika chini hakuna kinachobadilika, maana yake antena ya chini haifanyi kazi hata ikiwa wazi. Simu inaishi kwa antena ya juu, na ukiiweka sikioni kichwa na vidole vinaiziba hiyo moja iliyobaki. Kutuma ndiko kunakoumia zaidi, ndiyo maana unasikia lakini husikiki. Chaji nayo lazima inaisha haraka, kwa sababu simu inatuma kwa nguvu ya juu muda wote.

Betri ilibadilishwa, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni waya wa antena: mwembamba, mweusi au mweupe, unatoka bodi kuu hadi bodi ndogo ya chaji, una kifungo cha duara kila ncha. Huwa unachomolewa ili betri itoke, kisha haurudishwi mpaka ulie "tik", au unavutwa kwa kibano cha chuma ukakatika ndani bila kuonekana nje.

Kupima: chomoa ncha zote mbili, weka mita kwenye mlio. Katikati kwa katikati ilie. Ganda (chuma cha nje cha kifungo) kwa ganda lilie. Katikati kwa ganda isilie. Ikikosea moja, waya mpya, na upime urefu kwa milimita, kwa sababu mfupi utavutika na mrefu utabanwa na mfuniko.

Waya ukiwa mzima, angalia vijisahani vya springi vinavyogusa fremu. Visafishe kwa spiriti ya asilimia 99, na visiwe vimelala bapa. Hesabu skrubu pia: nyingine ndizo zinazounganisha bodi na fremu, ikikosekana moja antena inayumba. Na kama waliweka fremu ya bei chee, hapo ni kurudisha ya zamani, kwa kuwa kwenye simu nyingi fremu yenyewe ni antena.

mdau_kigamboni
Shukrani wakuu. Je, fundi akisema ni IC (chipu) ya mtandao?

fundi_bodi
Piga *#06#. IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili zikionekana, na mezani unapata 4G ya -98, asiguse IC. Mwambie aanze na waya, na aupime ukiwa unaona.