Spoila ya Impreza: nitoboe buti au nibandike?

Assalaam aleikum wenzangu. Nina Subaru Impreza ya 2005, nyeusi, hapa Malindi, karibu na bahari kiasi kwamba asubuhi kioo cha mbele kina utando wa chumvi. Nimepata spoila kubwa ya mtumba, lile bawa la juu ya buti la nyuma, na nataka kuifunga mwenyewe uani.

Fundi wa mtaani ananambia nitoboe buti, nipige bolti, yaishe. Mimi sipendi. Tundu likiacha bati wazi, kwa hewa hii kutu huanzia pale pale kwenye ukingo, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Lakini ile tepu nene yenye gundi pande mbili nayo naiogopea jua. Buti jeusi saa saba mchana hulishiki kwa mkono. Spoila ikibanduka njia ya Mombasa na matatu iko nyuma yangu, huo si urembo tena.

Kuna aliyebandika kwa tepu huku Pwani ikadumu? Ulisafisha kwa spiriti tu, au ulipiga msasa kwanza? Na mnaosema nitoboe, ukingo wa tundu mwaupaka nini: praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), au silikoni peke yake?

Jengine dogo: taa za mbele zimekuwa manjano. Nitazipiga msasa wa maji namba 800, 1500 hadi 3000, kisha polishi. Bila vanishi ya kuzuia jua zitarudi vile vile, kwa hivyo nitajieni mnayotumia. Dawa ya meno msinambie, nishaisikia ya kutosha.