Lami ya maegesho imegeuka kijivu: nipake upya au nimefika kwa matapeli?

MamaPloti58 (Nakuru), Jumatatu saa 3:40 usiku

Hamjambo wenzangu. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Nina jengo la orofa tatu huku Section 58. Chini kuna maduka matano, juu wapangaji. Mbele ni maegesho ya lami, nafasi 22. Nimepima kwa hatua nikapata kama mita 600 za mraba. Lami hiyo ilimwagwa na marehemu mume wangu mwaka 2019. Kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini, aliikataa katakata, akisema jina lenyewe liko karibu mno na kaburi. Lami ilipokuwa mpya ilikuwa nyeusi ti. Sasa imekuwa rangi ya majivu, kokoto ndogondogo zinang'oka na kukusanyika ukingoni, na kuna nyufa. Nyingine nyembamba kama uzi, nyingine nimeona majani yameota ndani. Pale bouza la maji linapogeukia, kona ya nyuma, lami imekatika vipande vipande kama ngozi ya mamba.

Wiki iliyopita alikuja fundi na pikipiki. Anataka shilingi 45,000 apake "sili", yaani tabaka jembamba jeusi la kufunika lami, siku moja tu, ing'ae kama kiatu cha askari. Akanimwagia sampuli langoni, kama hatua mbili hivi, kutoka mtungi wa lita 20. Leo ni siku ya nne na bado inachafua viatu. Harufu yake ni ya gereji. Mtoto wa mpangaji wa juu ameibeba kwa nyayo hadi kwenye zulia la mama yake, na kesi imeletwa kwangu.

Mpwa wangu naye amenitumia video za Marekani, watu wanapaka maegesho kila baada ya miaka michache kama sisi tunavyopaka nyumba rangi Desemba. Kwani hii kitu ni ya kweli ama ni urembo? Na kama ni ya kweli, nipake sasa kabla ya Krismasi wageni wakija?

---

Kabro_ndio_mpango (Eldoret), Jumatatu saa 4:05 usiku

Mama, ng'oa yote uweke kabro. Ikizama mahali unainua vipande kumi, unasawazisha mchanga, unarudisha. Lami ni ya barabara kuu. Pole kwa mzee.

---

MpishiAliyegeukaMeneja (Kakamega), Jumanne saa 12:50 asubuhi

Kung'oa mita 600 si kung'oa magugu, ndugu yangu. Mama ana lami ya miaka michache tu, hiyo bado ni kijana.

Mimi nasimamia hoteli ndogo huku Kakamega. Mvua yetu mnaijua, mchana jua, saa tisa mbingu inafunguka. Tulipakwa sili mwaka juzi na watu waliofika asubuhi na kuondoka saa nane wakiwa wamelipwa. Saa tisa na nusu mvua ikaja. Mama, nilisimama mlangoni nikaangalia pesa ya mwenye hoteli ikiteremka mtaroni ikiwa rangi ya kakao. Kwa hivyo la kwanza: malipo ya mwisho yasitoke siku hiyohiyo. La pili, ngoja wazee wa kazi waamke wakueleze, mimi najua tu yaliyoniuma.

---

NyaparaMstaafu (Kisumu), Jumanne saa 2:15 asubuhi

Shikamoo si yangu kutoa hapa, nadhani mimi ndiye mkubwa. Nimekula vumbi la lami miaka 31, nikaanza kama kijana wa kushika reki nikamaliza nikiwa nyapara. Mama, keti nikueleze.

Sili ni ya kweli. Lakini uliyomwagiwa langoni si sili. Hiyo ni oili chafu ya gari, pengine imechanganywa na dizeli ipenye haraka. Lami na oili ni ndugu wa tumbo moja, wote wanatoka kwenye mafuta ghafi. Ukimwaga oili juu ya lami huilishi, unaiyeyusha. Ndiyo maana chini ya boda boda zinazodondosha mafuta lami huwa laini, unaweza kuichimba kwa ufunguo. Sasa huyo kijana anataka akudondoshee maegesho yote kwa mara moja, tena umlipe.

Ukitaka kuhakikisha, chukua glasi ya maji, tia kijiko kimoja cha dawa yake kutoka mtungini, koroga. Emulsheni ya bitumeni, yaani gundi nyeusi ya lami iliyotawanywa ndani ya maji, ambayo ndiyo hupakwa kama sili, ikiwa bado mbichi huchanganyika na maji, inakuwa kama kakao. Oili itaelea juu. Huhitaji maabara. Na emulsheni ikipakwa huwa ya kahawia, kisha maji yakitoka inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Sisi tunasema "imevunjika". Fundi ambaye hajui neno hilo, mpe chai aende.

Sasa kuhusu huo ukijivu. Lami ni kokoto na mchanga, gundi yake ni bitumeni. Jua na hewa huikausha ile gundi ya juu, inakuwa ngumu na dhaifu kama chapati ya jana. Nyinyi Nakuru mko juu, karibu mita 1,850, jua lenu halina huruma hata kama baridi inawadanganya. Gundi ikikauka, changarawe ndogo zinaachia, ndizo hizo unazofagia ukingoni. Halafu nyufa. Halafu maji. Hapo ndipo kifo kiko, mama, kwenye maji. Wenzetu wa Marekani kwenye theluji, maji huingia ufani yakaganda, yakavimba, yakaipasua. Sisi hatuna hiyo, lakini chini ya lami yako ya Nakuru kuna udongo wa majivu ya volkano, na maji yakipata njia huuchukua kimyakimya. Juu panaonekana pazuri, chini kumekuwa pango. Huku Kisumu shida yetu ni nyingine, ule udongo mweusi wa Kano unavimba masika na kunywea kiangazi, unapasua kutoka chini, na hapo hata upake dhahabu.

Kwa hivyo sili ni koti la mvua na mwavuli wa jua. Si plasta ya kidonda. Ile kona ya ngozi ya mamba usiipake kabisa. Bouza la lita 10,000 lina tani 10 za maji peke yake, bila kuhesabu lori, na msingi wa maegesho yenu ulijengwa kubeba magari madogo. Pale panakatwa mraba, panachimbuliwa mpaka kwenye msingi, panajazwa kokoto, panashindiliwa vizuri, ndipo lami mpya. Na kama una uwezo, mwambie mwenye bouza asimame barabarani avute paipu ndefu. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Nyufa nazo. Zile za uzi, sili itazifunika. Ufa unaoingiza ncha ya kalamu lazima uzibwe kwanza. Ng'oa majani na mizizi, sugua kwa brashi ya waya, kisha mwite jamaa wa pancha na kompresa yake apulize vumbi lote litoke. Ukijaza ufa wenye vumbi umejaza vumbi. Unamimina bitumeni ya moto, au emulsheni na mchanga laini kama ufa ni mpana, isipande juu ya uso wa lami. Ni kazi ya kuinama, mafundi wanaikimbia kwa sababu haing'ai. Lakini mimi ukiniambia nina pesa ya kitu kimoja tu, nyufa au sili, ningeziba nyufa na kuacha ukijivu uendelee kuwa kijivu.

Na angalia paipu ya maji ya paa inamwaga wapi. Naweka dau inamwaga maegesheni.

Kuhusu Krismasi, sahau. Novemba hii mvua za vuli hazijaisha. Ngoja Januari au Februari, kwenu ni kukavu.

---

MamaPloti58, Jumanne saa 7:20 mchana

Mzee, marahaba haitoki kwangu, shikamoo! Nimetoka nje sasa hivi kuangalia. Paipu inamwaga maegesheni. Tena inamwaga juu ya ile kona ya bouza. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, wapangaji wanachungulia.

Nieleze basi Januari niite nani, na nimwambie anunue nini. Nikienda dukani nikisema "sili" watanipa ya paa.

---

mvuvi_wa_mita (Kisumu), Jumanne saa 8:02 mchana

Naweza kuingilia? Mimi ni msimamizi wa maegesho ya kanisa letu. Nyapara ana haki kwenye kila kitu ila mimi nabisha kidogo kwenye gharama. Ukijumlisha nyufa, kona, vizuizi, vibarua wa siku mbili na emulsheni yenyewe, unaweza kukuta umetumia mara tatu ya ile 45,000. Wazee wa kanisa letu waliona hesabu wakasema tungoje iharibike kabisa ndipo tuchangishe harambee. Tumengoja. Sasa harambee yenyewe inataka lori za lami.

---

NyaparaMstaafu, Jumanne saa 1:30 jioni

Mvuvi, hujabisha, umenisaidia.

Mama, ukienda kwa wauzaji wa vifaa vya barabara, usiseme sili. Sema emulsheni ya bitumeni, na uangalie herufi kwenye drami. K1-60 ndiyo wengi wanayo, ni ya kunyunyizia kabla ya kumwaga lami mpya. Inavunjika haraka. Ukijaribu kuichanganya na mchanga au vumbi la kokoto itakugandia kwenye ndoo na utaitupa ndoo pia. Kwa kazi yako unataka ile ya kuvunjika polepole, K3, ambayo inakubali kuchanganywa. Kuna pia sili za maegesho zilizochanganywa tayari kiwandani; ukipata, soma maelekezo ya mkebe kuliko kunisikiliza mimi. Ila ikiwa imeandikwa imetokana na lami ya makaa ya mawe, iache. Mji wa Austin kule Texas uliipiga marufuku mwaka 2006, sumu yake inatiririka na mvua mpaka mitoni. Na maji ya Nakuru mnajua yanaishia wapi. Ziwa lenu halina mlango wa kutokea.

Hesabu: shika karibu lita 0.4 kwa mita moja ya mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili kwa mita 600 ni lita 480, yaani drami mbili na nusu za lita 200. Anayekuja na mitungi miwili ya lita 20 anakuja kukuchekesha. Waambie watie mchanga laini mkavu, kama robo kilo kwa kila lita, la sivyo mvua ya kwanza mtu atateleza na mayai ya duka la kwanza.

Siku yenyewe, fagia, osha madoa ya mafuta kwa sabuni na brashi ngumu, palipolainika kabisa pakatwe. Acha pakauke. Usianze kabla ya saa tatu asubuhi, umande wa Nakuru ni kama maji yaliyomwagwa. Mkono mwembamba kwa ule mpira wa kusukumia, kama wa kupigia deki ila mpana. Mkono mzito haukauki ndani, unachubuka. Mkigusa kwa kiganja kikatoka safi, mkono wa pili. Maliza saa nane ili jua likusaidie. Funga siku nzima na usiku wake, na kwa baridi yenu ningefunga saa 48. Paka nusu moja wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo, wapangaji wapate pa kuweka magari. Mistari myeupe baadaye.

Halafu usirudie mwaka kesho kwa sababu umependa weusi wake. Kila miaka mitatu hadi mitano, ukiona kijivu kimerudi na changarawe zinaanza kutoka. Nimeona benki moja ikipakwa kila Desemba kwa ajili ya wakubwa. Ilijijenga tabaka kama rangi ya mlango wa shule, ikaanza kubanduka kwa maganda. Na ile kona mpya utakayomwaga, isipakwe nayo Januari. Iache miezi sita angalau, mafuta yake mepesi yatoke kwanza.

---

Kabro_ndio_mpango, Jumanne saa 1:44 jioni

Mimi bado nasema kabro. Lakini mzee, nimehifadhi hayo maandishi, kuna jirani atayahitaji.

---

MamaPloti58, Alhamisi saa 12:10 jioni

Narudi na habari.

Fundi alikuja jana kuchukua malipo ya kwanza. Nilimkaribisha vizuri, nikamwekea kiti kivulini, nikaleta glasi ya maji. Akadhani ni ya kunywa. Nikamwomba kijiko kimoja tu cha dawa yake. Nikakoroga, tukakaa wote wawili tukiitazama. Ilielea yote, hadi ikatengeneza upinde wa mvua juu. Nikamuuliza, "Kijana, hii inavunjika saa ngapi?" Akaniambia haivunjiki mama, ni imara sana.

Nilimpa chai.

Paipu ya paa imeshageuzwa, shilingi 1,800 pamoja na viwiko viwili na fundi bomba. Mwenye bouza amenuna lakini amekubali kusimama nje. Jumamosi jamaa wa pancha analeta kompresa, tuanze na nyufa za upande wa duka la dawa zikipata siku mbili za jua. Ile hatua mbili ya langoni nimeimwagia vumbi la mbao, leo limenyonya kidogo. Mzee, hapo langoni nisugue kwa sabuni ya unga tu, ama pakatwe pia?

---

NyaparaMstaafu, Alhamisi saa 2:35 usiku

Sugua, acha siku tatu, halafu chukua ufunguo uchome. Ukiingia, kata.