Kupima Mto Sabaki: ubao, kihisi cha ndani ya maji au rada?

mkulima_sabaki: Assalaam aleikum wanajukwaa. Sisi wakulima wa kingo za Sabaki upande wa Magarini tumechanga pesa tuanze kupima mto wenyewe. Kiangazi tunagombania maji, na mafuriko ya vuli 2023 yalitusombea pampu na migomba. Mvua ikinyesha sana Nairobi na Machakos, maji hutufikia siku kadhaa baadaye, pengine huku kwetu ni jua kali. Tumeletewa bei za vitu vitatu: ubao wa vipimo unaosimikwa mtoni, kihisi cha mgandamizo kinachozama majini, na rada inayopima kimo cha maji kutoka juu. Tununue kipi?

fundi_sola: Rada, ifungwe darajani. Haigusi maji, kwa hiyo tope na magogo hayaifikii. Ipe sola ndogo na laini ya simu, maji yakipanda usiku mtapata ujumbe. Ila msiuziwe chombo cha mawimbi ya sauti, kinachopima muda wa mwangwi kurudi, eti kwa sababu ni cha bei rahisi. Joto la hewa likibadilika nyuzi 10, kasi ya sauti hubadilika kwa karibu asilimia 1.7. Maji yakiwa mita 5 chini ya chombo, hapo mmeshakosea sentimita 8 hivi, isipokuwa chombo kiwe kinapima joto na kujisahihisha.

mama_Mambrui: Daraja lipi, kaka? Kama ni lile la barabara ya Lamu, liko karibu na mlango wa mto. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa maji ya bahari hupanda karibu mita 3. Nahofia rada itasoma bahari pamoja na mto. Tena kwa wanaokaa upande wa juu wa mto kabla ya daraja, onyo linakuja mafuriko yameshawapita.

fundi_sola: Dada, hapo umenena. Basi iwekwe upande wa juu zaidi wa mto, kwenye mwamba au nguzo imara.

kinasa_data: Vihisi vya mgandamizo nimevifunga kwenye mito mingine. Ni vizuri, lakini si kwa Sabaki. Mto huu unabeba tope jingi mno, kihisi kitafukiwa. Kingine, kinasoma uzito wa hewa pamoja na wa maji, na milibari moja (kipimo cha mgandamizo) ya hewa ni sawa na sentimita moja ya maji. Hata siku tulivu hewa hupanda na kushuka milibari 2 au 3, kwa hiyo lazima kiwepo kipimo cha pili nje ya maji cha kutoa tofauti hiyo.

mzee_wa_ubao: Wanangu, kazi hii ya kusoma ubao wa mto nimeifanya hadi nikastaafu. Chombo chochote mtakachonunua kitawaambia maji yamefika wapi, hakitawaambia yanapita kiasi gani. Sabaki ni mto wa mchanga. Furiko moja likipita, sakafu yake huchimbika au hujaa, na alama ileile ya mita moja ikawa na maji nusu ya yale ya mwezi uliopita. Anayegawa maji ya kiangazi kwa alama ya ubao peke yake atamdhulumu mtu.

Fanyeni hivi. Wekeni mbao tatu zikipanda ukingoni kama ngazi, na alama ya kudumu kwenye zege ili ubao ukisombwa mjue sifuri ilikuwa wapi. Zisomeni saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Kila baada ya furiko pimeni mtiririko: upana, kina sehemu kadhaa, na kasi. Ili kupata kasi, pimeni mita 20 za mto ulionyooka, tupeni machungwa, hesabuni sekunde, kisha zidisheni kasi mliyopata kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Nazi kavu haifai, inakaa juu mno na upepo unaisukuma. Na mtu asiingie kwa miguu. Mamba na viboko wapo.

mkulima_sabaki: Shukran sana mzee. Na kiangazi mto ukihamia ng’ambo, ubao ukabaki mchangani?

mzee_wa_ubao: Zamisheni bomba lenye matundu mchangani, mshushe utepe wenye uzito mpime maji yako chini kiasi gani. Visima vya Baricho vinavyotulisha Malindi hadi Mombasa vinategemea maji ya mchanga huohuo.

kinasa_data: Naungana na mzee. Ubao na bomba kwanza, rada pesa zikipatikana.

mama_Mambrui: Kabla ya kusimamisha nguzo nendeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, muombe ruhusa na muulize kama sifuri yenu inaweza kuunganishwa na vipimo vyao.